Maharage ya Kura

Iyunga, Mbeya
2 Julai 2024

Mama mkubwa Tekla,

Kamwene, na shikamoo juu yake. Huku Iyunga tu wazima. Mama presha yake imetulia tangu apunguze chumvi, ila kila tukikaa mezani ananilalamikia kana kwamba mimi ndiye daktari aliyemkataza. Anakusalimu, na anasema dada yake amemsahau. Baridi ya mwaka huu imetutesa hata sisi wa mjini, sasa nyie wa Igowole sijui mnaamkaje.

Nakuandikia kwa sababu simu kwako ni kazi bure. Mara ya mwisho nilipiga kelele mpaka majirani wakachungulia, na wewe bado ukanijibu habari za ng'ombe.

Asante kwa kutupokea kwa siku zile mbili. Wenzangu bado wanaongelea kuku wako. Dokta Muhidini, mkuu wa kitengo chetu cha maharage hapa kituo cha utafiti wa kilimo, hakuwa safarini, na sasa anatuuliza kama tulikwenda kazini au harusini.

Neno lenyewe ni hili. Unakumbuka pale ofisi ya kijiji tulipanga sahani, kila moja na picha yake: mahindi, miti ya mbao, ng'ombe wa maziwa, viazi, maharage, na mwishoni vinyungu, yale matuta yenu ya bondeni ya kiangazi. Kila mtu akapewa konzi ya maharage ayagawe kwenye sahani, akionyesha anataka utafiti uelekezwe wapi. Nimehesabu na kurudia. Mahindi ya kwanza, miti ya pili. Maharage na vinyungu mkia kabisa.

Mama mkubwa, nimeshangaa. Ninyi ambao kiangazi chote mnashinda bondeni, mnakula bondeni, mnasomesha watoto kwa bonde? Mwezi wa kumi na moja kuna mkutano hapa Mbeya wa kuchagua vipaumbele vya utafiti wa kilimo na chakula kwa Nyanda za Juu Kusini. Kitakachoachwa nje hakitafanyiwa kazi kwa miaka mingi. Ripoti ikienda hivi, kazi ya maharage ya vinyungu inafungwa, na mimi niliajiriwa kwa kazi hiyo.

Niambie ukweli, mlifuata mioyo yenu, au mlikuwa mnamwangalia mwenyekiti na shamba lake la miti ya misindano?

Mwanao,
Tusekile


Igowole
21 Julai 2024

Mwanangu Tusekile,

Ugonile, Mnyakyusa wangu. Barua imefika kwa mkono wa kijana wangu Dastan, aliichukua stendi Mafinga akitoka kazini Mgololo. Amepangiwa zamu mpya huko kiwandani, anakuja nyumbani mwisho wa wiki tu, tena anakuja kulala. Mke wake anasema ameolewa na godoro. Kwaya yetu imealikwa usharika wa jirani na hatuna sare. Ng'ombe amezaa dume, nilitaka jike, nimekubali.

Mwambie mama yako sijamsahau. Yeye ndiye anayejua njia ya kuja huku, maana amezaliwa huku.

Kuhusu kura zenu, mimi nitasemaje? Mliuliza, watu wakajibu. Mahindi ndiyo ugali. Miti inauzwa. Mwenyekiti hakumshika mtu mkono. Ninyi mliosoma mkihesabu mkapata hivyo, basi ni hivyo.

Sisi tupo bondeni. Matuta yamekwisha, tumeanza kupanda. Mwaka jana maharage yalioza mizizi kabla ya kutoa ua, bonde zima likawa njano, na watu wanaogopa yasije yakarudia. Frida jirani yangu anasema yakioza tena anauza kinyungu chake wapande miti ya milingoti. Nimemwambia asiongee maneno hayo karibu na kisima, maana milingoti ikiingia bondeni maji tutayasikia kwenye hadithi.

Nakutumia viazi debe moja. Vile vidogo ni vya mama yako, vinaiva haraka.

Mama yako mkubwa,
Tekla


Iyunga, Mbeya
13 Agosti 2024

Mama mkubwa,

Shikamoo. Viazi vimefika, mama amekula vile vidogo bila chumvi na hakulalamika, kwa hiyo unaona jinsi alivyovifurahia. Hongera kwa ndama. Mpe pole mke wa Dastan.

Nina swali moja, na naomba unijibu kwa utaratibu. Yale maharage tuliyopigia kura yalikwenda wapi? Siyo ya sokoni, yale ya kura yenyewe: madogo, ya kijivu, yana madoadoa na kijicho cheupe. Tulipomaliza kuhesabu niliyaacha ofisini kwenye ndoo. Nimempigia Dastan akasema mambo ya maharage ni ya wanawake, yeye hajui. Je, kuna aliyeyabeba? Yalipikwa? Yalibaki hata kidogo chini ya ndoo, kwenye kona, popote?

Usiniulize kwa nini. Kumbuka tu, tafadhali, na uniandikie upesi.

Silali vizuri siku hizi. Kazi ni nyingi.

Tusekile


Igowole
1 Septemba 2024

Tusekile,

Hatujambo.

Maharage ya kwenye ndoo yalipikwa kesho yake, mkala ninyi wenyewe kabla ya kupanda gari. Wewe uliongeza sahani ya pili. Kama kituo chenu kinayadai, niandikie ni kiasi gani nitafute ya kurudisha.

Nilidhani mgeni akileta kitu kijijini ameleta.

Msalimie mama.

Tekla


Iyunga, Mbeya
15 Septemba 2024

Mama mkubwa wangu,

Nimesoma barua yako nimesimama, nikakaa. Umenikasirikia, na una haki. Niliuliza kama polisi. Ngoja nikueleze, kwa sababu nimechoka kulibeba jambo hili peke yangu, na mama siwezi kumwambia, presha itapanda.

Hatukudai chochote. Ni mimi niliyepoteza.

Stoo yetu ilikuwa na mifuko miwili ya salfeti inayofanana. Mmoja ulikuwa na maharage ya mboga niliyoagiza soko la Mwanjelwa kwa ajili ya kura, yakaletwa sikuyafungua. Mwingine ulikuwa na mbegu, nao Dokta aliufunga kabla mimi sijaajiriwa. Asubuhi ile gari lilikuwa linapiga honi nje, nikaingia, nikanyakua mfuko, nikatoka. Mwezi wa nane Dokta Muhidini akaniambia nitoe mbegu tukapande kwenye kishamba cha kumwagilia. Nikafungua mfuko uliobaki. Maharage ya Mwanjelwa. Mekundu, makubwa, yananitazama.

Mbegu ile, mama mkubwa, Dokta ameilea miaka mingi. Amekuwa akichanganya maharage ya huku na ya kule, akitupa yanayoshindwa, akibaki na yanayosimama, mpaka akapata moja linalovumilia udongo wa bondeni bila kuoza mizizi. Ni ugonjwa huohuo uliolifanya bonde lenu kuwa njano. Aliitafuta kwa ajili ya vinyungu, siyo kwa ajili ya mashamba ya juu. Mwezi wa tatu mvua ya mawe ilipiga shamba letu la majaribio, hakikubaki kitu. Tukasema si neno, kuna mfuko stoo. Mfuko huo ndio niliowagawia konzi konzi mkapige kura, na uliobaki kwenye ndoo nikaula mwenyewe, nikaongeza sahani ya pili kama ulivyosema.

Nimemwambia. Hakunifokea, na afadhali angenifokea. Alivua miwani akaifuta muda mrefu, akasema, "Basi kwenye mkutano tutasema kitengo hakina mbegu." Kitengo kisicho na mbegu, na chenye ripoti ya kijiji kilichoyaweka maharage mkiani, hakina cha kutetea. Kitafungwa. Yeye atastaafu mwakani akiwa hana cha kuonyesha. Mimi nitatafuta kazi nyingine, sijui wapi.

Sikuandikii unisaidie. Kilicholiwa kimeliwa. Ila sikutaka ubaki ukifikiri mtoto wa mdogo wako anakudai maharage.

Nisamehe kwa ile barua.

Tusekile


Igowole
6 Oktoba 2024

Tusekile mwanangu,

Kaa chini kwanza. Kama mama yako yuko karibu msomee kwa sauti, haitampandisha presha.

Hayakuliwa. Yale ya ndoo ndiyo, yalipikwa. Lakini ya ndoo yalikuwa machache, na wewe hukujiuliza kwa nini ni machache.

Sikiliza. Ulitushika mikono ukatujazia maharage ambayo hatujapata kuona. Yote yanalingana, hakuna hata moja lililobunguliwa, yanang'aa. Halafu ukatuambia tuyatupe kwenye sahani. Mwezi wa sita! Vinyungu vinasubiri, mbegu za mwaka jana zimeoza, na mtoto wa watu anatuambia tutupe mbegu kwenye sahani za picha! Tuliangaliana tu. Frida ndiye aliyeanza, akajifanya anafunga kitenge vizuri, pindoni kukatumbukia maharage. Nyuma yake mwenzie, na mwenzie, na mimi. Wanaume waliweka yote, hao hawana pindo. Sisi kila mmoja alichagua mawili matatu yaliyopasuka, akayaacha kwenye sahani iliyo karibu na mlango ili apite upesi asionekane. Ya karibu na mlango ilikuwa ya mahindi. Iliyofuata ilikuwa ya miti. Sahani yako ya vinyungu uliiweka kule mwisho dirishani, nani angefika huko na pindo limevimba? Ndiyo ripoti yako hiyo.

Ulipoandika kuuliza yalikwenda wapi, nikajua tumeonekana. Nikakaa na ile barua nikiona binti niliyemfundisha kutembea ananiita mwizi kwa njia ya basi. Nikajibu ya ndoo, ya pindo nikayanyamazia. Sikudanganya ila nilikuwa na hasira. Kumbe wewe unakufa huko, na mimi nimenuna huku.

Sasa sikia habari yenyewe. Tuliyapanda. Kila mmoja tuta lake, pembeni ya maharage ya kawaida. Barua yako imenikuta Jumamosi jioni na Dastan, Jumapili baada ya ibada nikasimama nje ya kanisa kabla watu hawajatawanyika. Nikasema kila mwenye maharage ya kijivu ya wale wageni asichume ganda, asichume jani, asimpe mtu, mpaka nipite. Mchungaji akadhani ni tangazo la kwaya. Kisha nikashuka bondeni na Frida, tukapita tuta kwa tuta na viatu vya ibada.

Mwanangu, maharage ya kawaida yameanza njano tena. Ukivuta, mzizi unatoka mweusi, mlaini. Ya kwako yamesimama. Pembeni kabisa ya hayo ya njano, yamesimama kijani, yameanza kufunga maganda. Frida alichimba shina moja kwa vidole, mzizi mweupe, akaufukia haraka kama mtu aliyechungulia chumba cha mzazi. Akasema milingoti basi.

Hasara ipo, sitakuficha. Tuta la mke wa mwenyekiti limeliwa na mbuzi. Na langu ndilo dhaifu kuliko yote, kwa sababu majani yake ni matamu na mimi nilikuwa nachuma mboga kila nikishuka. Frida ananicheka hadharani, na anayo sababu.

Mwambie huyo Dokta avae miwani yake aje aone kwa macho. Wewe lala.

Mama yako,
Tekla


Igowole
17 Novemba 2024

Tusekile,

Hatujambo, mvua za kwanza zimenyesha. Dokta wako amekuja na kuondoka, nawe ulikuwa umebaki na maandalizi ya mkutano, kwa hiyo nakueleza kabla hajakueleza yeye kwa namna yake.

Mzee mpole. Alifika amevaa buti mpya, bondeni zikazama mpaka kifundoni, akazivua akatembea pekupeku na suruali ameikunja. Alipofika kwenye tuta la Frida akachutama. Alikaa vile muda mrefu. Frida akaniuliza pembeni kama anaumwa. Nikamwambia anaomba, maana midomo ilikuwa inatembea. Ni Mwislamu, nikaona tusimkatize.

Baadaye tukavuna na kupukuchua pamoja, kina mama wote tumekaa kwenye turubai nje kwangu. Hapo ndipo kazi ikaanza. Akasema kwa ustaarabu kwamba, kwa utaratibu, mbegu ni ya kituo. Tuliendelea kupukuchua. Akaangalia huku, akaangalia kule, akacheka peke yake, akasema, "Haya, naomba nusu."

Tukashauriana. Tukampa robo. Tumemwambia robo inamtosha kuanzia, yeye ana shamba la kumwagilia, sisi tuna watoto. Akashukuru mara nyingi, akaikumbatia garini kama mtoto. Hii robo usiigawe kwenye mkutano wowote.

Na tumerudia kura yetu, safari hii kwa mawe. Mawe hayaliwi. Matokeo anayo.

Tekla


Iyunga, Mbeya
2 Desemba 2024

Mama mkubwa,

Shikamoo. Mama anakusalimu, na anakuja Krismasi kwa miguu yake mwenyewe, amekwisha nunua kitenge. Amos, kaka yangu, atamsindikiza mpaka Mafinga, Dastan ampokee hapo.

Mkutano umekwisha juzi. Nilikuwa nimejiandaa kusema kosa langu mbele ya watu wote, karatasi mkononi. Dokta Muhidini akaniwahi kusimama. Akaeleza kwamba mbegu ilipotea stoo kwetu ikapatikana kwenye mapindo ya kina mama wa Igowole. Watu wakacheka sana, hata wale waliokuja kututeta. Hakusema nani aliichukua stoo. Alisema tu kwamba hesabu yetu ya kwanza ilikuwa ya uongo, kwa sababu tuliwaambia watu wapige kura kwa kutupa kitu wanachokihitaji kuliko vyote, na waliokihitaji zaidi ndio waliokataa kukitupa. Kisha akaonyesha picha za tuta la Frida, za mizizi, na hesabu ya mawe.

Maharage ya vinyungu yameingia kwenye vipaumbele. Siyo ya kwanza, mahindi bado yako juu, na kuna jopo la miti lililonuna. Lakini yameingia, pamoja na maji ya bondeni, na utunzaji wa mbegu majumbani, ambao haukuwepo kwenye orodha ya mtu yeyote. Kitengo kinaendelea. Mkataba wangu nimeusaini leo asubuhi. Mwakani majaribio hayatafanyika kituoni peke yake, yatafanyika kwenye matuta yenu, na mbegu itagawanywa sehemu mbili tangu mwanzo, yenu na yetu. Dokta anasema hataki tena kuomba nusu mbele ya Frida.

Tulipotoka ukumbini nilimshukuru kwa kunificha. Akasema hakuwa ananificha. Akaniambia, "Binti, ungechukua mfuko sahihi ile siku, mbegu yangu ingekuwa stoo mpaka leo. Nilikuwa nimeilea miaka yote hiyo, na hakuna mkulima hata mmoja aliyekuwa amekwisha ipanda."

Leo nimerudi nyumbani mchana, nikamwambia mama kila kitu, tangu gari lilipopiga honi. Alinisikiliza mpaka mwisho. Presha haikupanda. Akaenda jikoni akarudi na sahani ya maharage ya Mwanjelwa, yale mekundu, akaniambia nile, hayo hayana kesi.

Nimekula yote. Nililia kidogo nikila, mama akajifanya hakuona, kisha nikalala usingizi wa mchana mpaka kukawa na giza.

Mwanao,
Tusekile